Mali Bila Daftari



Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi usemi huu tunamtupia mwenye duka anayekopesha sukari bila kuandika, au mweka hazina wa chama cha mazishi anayetunza michango kichwani. Leo tuutumie kwa mali ya namna nyingine, nayo ni akiba ya uzeeni. Tena ni akiba ambayo mwenyewe anajua ilipo, analetewa taarifa yake mara kwa mara, na hakuna mwizi aliyeigusa. Hata hivyo sehemu yake inaweza kuchukuliwa mbele ya macho yake, kihalali kabisa, kwa sababu tu karatasi moja haikujazwa.

Nazungumzia ndugu zetu wanaofanya kazi Marekani, na fomu ya kodi inayojulikana kwa namba yake, 8606.

Mtu wa Kariakoo au wa Eastleigh atauliza, mambo ya kodi ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, ndugu msikilizaji. Siku hizi ni familia chache za mjini zisizo na mtu Houston, Minneapolis au Columbus. Yupo muuguzi, yupo dereva wa lori, yupo mwalimu. Fedha zao ndizo zinazolipa karo huku na kupandisha nyumba zilizofika kwenye lenta. Wengine wamekwisha zeeka na wanafunga virago kurudi. Wakirudi na akiba pungufu, pengo hilo litaonekana Mbezi na Kitengela, si Washington.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe.

Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria iliyomruhusu mfanyakazi kufungua akaunti yake binafsi ya kustaafu, inayoitwa kwa kifupi IRA. Kusudi lilikuwa kumtia moyo mtu ajiwekee akiba mwenyewe. Ukiweka fedha humo, unaziondoa katika mapato yanayotozwa kodi mwaka huo. Zinakua bila kutozwa kodi, na kodi unailipa uzeeni unapozichukua. Kwa maneno mengine, serikali haikusamehe kodi, bali ilikubali kusubiri.

Mwaka 1986 masharti yalikazwa. Ilionekana kwamba mtu mwenye mpango wa pensheni kazini, na mwenye mapato makubwa kidogo, hana haja ya nafuu mbili. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo aliruhusiwa kuendelea kuweka fedha katika IRA, lakini bila kuziondoa katika mapato yake. Kodi ya fedha hizo anailipa kwanza, ndipo anaziweka. Kwa mfano, mwaka 2012, mume na mke waliojaza hesabu zao pamoja, ikiwa mwenye akaunti ana mpango wa pensheni kazini, nafuu hiyo ilianza kupungua mapato yao yalipofika dola 92,000, na ilikwisha kabisa yalipofika dola 112,000. Muuguzi mmoja na mumewe anayeendesha lori wanaweza kufika hapo kwa kazi ya kawaida na saa za ziada. Hivyo hili si jambo la matajiri peke yao.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Ndani ya akaunti moja sasa mna fedha za aina mbili. Zipo zisizowahi kulipiwa kodi, pamoja na faida yote iliyozaliwa humo. Na zipo ambazo mwenyewe alikwisha zilipia kodi kabla ya kuziweka. Siku ya kuzichukua, nani atajua ipi ni ipi? Benki haijui, kwa sababu yenyewe inaona dola zilizoingia, haioni kama ulizilipia kodi au la. Idara ya Mapato ya Marekani, yaani IRS, nayo haiwezi kujua usipoiambia. Njia ya kuiambia ndiyo fomu namba 8606, ambayo imetumika tangu hesabu za mwaka 1987. Hiyo ndiyo daftari ya wahenga. Kila mwaka unapoweka fedha zisizopata nafuu, unaandika kiasi chake, unajumlisha na cha miaka ya nyuma, na jumla hiyo unaihamishia mwaka unaofuata.

Usipojaza? Sheria inaweka mzigo wa kuthibitisha begani mwako. Usipokuwa na uthibitisho, fedha zote unazochukua zinahesabiwa kuwa hazijawahi kulipiwa kodi. Unalipa mara ya pili kwa shilingi ile ile, au niseme kwa dola ile ile.

Hebu tuweke hesabu mezani. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mmoja muuguzi, mzaliwa wa Moshi, anayeishi Minneapolis. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2012 aliweka dola 5,000 kila mwaka, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kwa mtu wa chini ya miaka 50. Miaka mitano, dola 25,000. Kwa sababu ya mapato yake na ya mumewe hakupata nafuu hata senti, na fomu 8606 hakujaza hata moja. Leo ana miaka 60. Anachukua dola 10,000 ili amalizie nyumba, na mwisho wa mwaka akaunti ina dola 40,000.

Hesabu ya IRS inakwenda hivi. Dola 40,000 zilizobaki, jumlisha 10,000 alizochukua, unapata 50,000. Fedha alizokwisha zilipia kodi ni 25,000, yaani nusu. Kwa hiyo nusu ya alichochukua, dola 5,000, haitozwi kodi. Ikiwa yuko katika kiwango cha asilimia 22, anaokoa dola 1,100 mwaka huo mmoja. Na katika maisha yote ya akaunti hiyo, kodi ambayo angelipa mara ya pili kwa zile 25,000 ni dola 5,500. Hiyo ni fedha ya kuezeka nyumba.

Sasa mama huyu atasema, basi na nichukue kwanza zile nilizozilipia kodi, nyingine nitaziacha. Haiwezekani. Akaunti ni kama sufuria ya makande. Ukichota upawa mmoja huwezi kupata mahindi matupu. Maharage yatakuja nayo kwa kadiri yalivyomo sufuriani. Na hata akiwa na akaunti tatu za IRA za kawaida katika benki tatu, sheria inazihesabu kama sufuria moja.

Tena kwa mtu wa chini ya miaka 59 na nusu hali ni mbaya zaidi, kwani akichukua fedha mapema, mbali na kodi ya kawaida, kwa kawaida huongezewa asilimia 10 juu ya sehemu inayotozwa kodi. Bila fomu, sehemu hiyo ni yote. Halikadhalika wale waliohamisha fedha kutoka IRA ya kawaida kwenda akaunti ya aina ya Roth, jambo ambalo tangu mwaka 2010 linaruhusiwa kwa watu wa mapato yoyote. Bila fomu 8606 uhamisho wote unaonekana kama mapato mapya, na siku moja barua ya IRS inabisha hodi ikidai kodi.

Je, mtu aliyepitwa na miaka kumi au kumi na mitano afanye nini? Hapa, ndugu msikilizaji, nataka tusikilizane vizuri, maana mitaani kuna mawazo mawili yanayowapotosha watu.

Wazo la kwanza ni kwamba muda umekwisha pita. Si kweli. Muda wa kudai kurudishiwa kodi uliyolipa kupita kiasi una mwisho wake, tutaufikia. Lakini kumbukumbu ya fedha zilizokwisha lipiwa kodi haifi kwa kupita miaka. Fomu ya mwaka 2008 inaweza kujazwa na kupelekwa leo.

Wazo la pili ni kwamba kujitokeza ni sawa na kujipeleka polisi mwenyewe. Watu wetu wengi waliokaa ugenini wana hofu hii, na mtu hawezi kuwalaumu. Aliyeishi miaka mingi akihofia karatasi zake za ukaazi hujifunza kutoigusa serikali mahali ilipolala. Lakini tuitazame adhabu yenyewe. Faini ya kutojaza fomu 8606 ni dola 50 kwa kila fomu, na husamehewa mtu akiwa na sababu ya maana. Kwa yule mama wa Minneapolis, fomu tano ni dola 250, tena asiposamehewa. Weka 250 upande mmoja wa mizani na 5,500 upande wa pili, kisha uniambie ni upi wa kuogopwa. Zaidi ya hayo, fomu hizi haziungami kodi iliyofichwa. Zinasema kodi ililipwa. Anayezipeleka anadai haki yake.

Basi, tufuate hatua moja moja.

Kwanza, tafuta ritani zako za miaka ile na uhakikishe kwamba kweli hukupata nafuu. Katika fomu kubwa ya 1040 ya miaka hiyo ya 2008 hadi 2012, nafuu ya IRA iliandikwa mstari wa 32. Ukikuta kiasi kimeandikwa pale, fedha hizo hukuzilipia kodi, na huna la kudai juu yake. Usidanganye. Mwenye kuandika kiasi kikubwa kuliko ukweli naye ana faini yake, dola 100, na udanganyifu wa makusudi una makubwa zaidi ya hayo.

Pili, pata uthibitisho kwamba fedha uliziweka. Kila mwaka benki au kampuni inayotunza akaunti hutoa fomu namba 5498 inayoonyesha kiasi kilichoingia, na nakala huenda IRS. Kama umeipoteza, iombe benki. IRS nayo hutoa muhtasari wa taarifa za mapato zilizoletwa kwa jina lako, lakini hurudi nyuma miaka 10 tu. Kwa miaka ya zamani zaidi tegemeo lako ni benki na masanduku yako mwenyewe. Na benki huungana, huuzwa, hubadili majina. Kila mwaka unaosubiri, ushahidi unazidi kuwa mgumu kupatikana.

Tatu, tumia fomu ya mwaka husika. Kwa fedha za mwaka 2008 jaza fomu ya 2008, si ya mwaka huu. Fomu za zamani zote ziko katika tovuti ya IRS, bure. Anza na mwaka wa kwanza kabisa, kisha panda juu. Kwa mwaka ambao uliweka fedha tu bila kuchukua wala kuhamisha, kazi ni ndogo sana. Unaandika ulichoweka, unaandika jumla ya miaka ya nyuma, unajumlisha, na jibu unalipeleka mstari wa 14. Jibu hilo ndilo linaloanza fomu ya mwaka unaofuata katika mstari wa 2. Mwaka ambao hukuweka wala hukuchukua wala hukuhamisha kitu hauhitaji fomu.

Nne, mume na mke kila mmoja ana fomu zake. Hata kama ritani yenu ni moja, IRA haina ubia.

Tano, tia sahihi. Fomu 8606 inapokwenda pamoja na ritani haihitaji sahihi yake yenyewe, lakini inapokwenda peke yake ni lazima itiwe sahihi na tarehe. Watu wengi hukwama hapa. Ambatanisha barua fupi yenye ukweli mtupu ukieleza kwa nini ilichelewa, uombe usamehewe faini, na upeleke kwa rejista ya posta kule ambako ungepeleka ritani yako. Nakala ya kila kitu ibaki kwako, pamoja na risiti ya posta.

Sita, kwa yule aliyekwisha chukua fedha na kulipa kodi kupita kiasi, fomu 8606 peke yake haitoshi. Atahitaji kurekebisha ritani ya mwaka ule kwa fomu 1040-X. Hapa ndipo kuna mwisho wa muda. Kwa kawaida ni miaka mitatu tangu ulipopeleka ritani, au miwili tangu ulipolipa kodi, ule unaochelewa zaidi. Iliyopita hapo imekwenda na maji. Lakini zilizobaki katika akaunti bado zinaweza kuokolewa, na hesabu ya namna hiyo ni vema ikafanywa na mhasibu anayeijua kazi.

Nikigusia wahasibu, niseme neno moja. Watu wengi husema, mimi nilimwachia mhasibu. Lakini mhasibu hujaza unachomwambia. Katika majengo ya makazi na makanisani, msimu wa kodi unapokaribia tarehe 15 Aprili, huwapo watu wanaojaza ritani za jamaa kwa dola chache, usiku mmoja watu ishirini. Swali lao ni moja, una karatasi ya mshahara? Kama hukuuliza habari ya IRA naye hakuuliza, fomu haikujazwa. Faini haitaandikwa kwa jina lake, na kodi ya mara ya pili hatailipa yeye.

Ndugu msikilizaji, lipo jambo zito zaidi, nalo ni kifo. Mwenye IRA akifa, warithi wanarithi fedha pamoja na haki ya kutotozwa kodi mara ya pili. Lakini haki hiyo watairithi vipi kama haikuandikwa popote? Kwa vifo vya kuanzia mwaka 2020, mrithi asiye mume au mke mara nyingi hutakiwa kuimaliza akaunti ndani ya miaka 10. Mrithi huyo akiwa Tanga au Kisumu, wala si raia wala mkaazi wa Marekani, kwa kawaida asilimia 30 ya kinachotolewa huzuiliwa kule kule kwa ajili ya kodi. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza kiwango hicho. Ili arudishiwe sehemu iliyokatwa kimakosa, mtoto huyo atatakiwa athibitishe mama yake aliweka nini mwaka 2008. Atathibitishaje, na yeye mwaka huo alikuwa darasa la pili?

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya mwenye akaunti, akiwa hai na akiwa na akili zake timamu. Aliyerudi nyumbani asidhani ameachana nayo. Raia wa Marekani anadaiwa kujaza ritani popote anapoishi duniani, hata kama anafuga kuku Kibaha. Na maelekezo ya fomu yenyewe yanamtaka mtu atunze nakala za 8606, za 5498, na za 1099-R ambayo hutolewa anapochukua fedha, mpaka siku atakapokuwa amemaliza kuchukua zote. Si miaka mitatu wala saba. Mpaka mwisho.

Na sisi tulioko huku tusicheke. Ugonjwa ni ule ule, jina tu ndilo tofauti. Ni wafanyakazi wangapi wanaokatwa mchango wa NSSF kila mwezi, na hawajawahi hata mara moja kuomba taarifa kuona kama mwajiri aliupeleka? Mtu hukatwa miaka ishirini, karatasi za mshahara anafungia vitumbua, halafu siku ya kustaafu anakuta miezi yenye pengo, na kampuni ilikwisha fungwa zamani. Naye anaanza kutafuta mashahidi, nusu yao wakiwa makaburini. Mzigo wa kuthibitisha ukimwangukia mzee wa miaka 60, unakuwa mzito mara mbili.

Kwa hiyo basi, mwenye ndugu Marekani ampigie simu wiki hii. Baada ya salamu, na baada ya kuomba kile mnachoomba kila mara, muulize maswali mawili. Je, una IRA ambayo uliwahi kuweka fedha bila kupata nafuu ya kodi? Na je, fomu 8606 za miaka hiyo ziko wapi? Akisema hajui unachozungumza, mwambie aanze kwa kuitafuta ritani yake ya zamani kuliko zote. Jumamosi moja, kalamu na bahasha vinatosha kwa walio wengi.

Fedha hizo zilipatikana kwa zamu za usiku na barabara zenye theluji. Kodi yake ililipwa mara moja, nayo inatosha.